Njiti Mbili za Kiberiti

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini leo. Mvua tangu alfajiri.

Daftari hili lilikuwa la jiografia la binti yangu Gaëlle. Alitumia kurasa nne, akaliacha. Irène, rafiki yangu wa kwaya, ndiye aliyesema niandike kila siku, hata mstari mmoja, kwa sababu silii na watu wameanza kuliona. Basi naandika, na kwa Kiswahili, maana mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura. Sisikii kitu. Mkono naujua ni wangu kwa kuwa umeshika kalamu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimepima vyuma vinne, vyote vimepita.

Irène akisoma hapa atauliza vyuma gani, basi nieleze mara moja yaishe. Kampuni yetu ni ndogo, iko mtaa wa viwanda, inachimba visima vya maji. Kisima huanza kwa tundu jembamba. Halafu tundu hilo hupanuliwa kwa chuma chenye mbawa tatu, kipanuzi, ili mabomba yapate kuingia. Juu ya kipanuzi hufungwa ndugu yake, kitulizi. Naye ana mbawa ila hakati kitu. Kazi yake ni kuegemea kuta za tundu ili vyuma visiyumbe na kisima kisipinde. Mbawa za kipanuzi zikilika, fundi huziongezea chuma kwa kuchomelea. Kisha mimi, mtunza stoo, nakivisha duara la chuma tunaloliita kalibre. Kila ubawa lazima uguse. Njiti ya kiberiti ikipenya kati ya ubawa na kalibre, kipanuzi kinarudi kwa fundi. Ndiyo sheria ya karakana yetu.

Fundi alikuwa Bonfils, mume wangu. Miaka kumi na tatu yeye alichomelea, mimi nikapima. Watu walitutania kwamba ndoa yetu ndiyo pekee Bujumbura yenye mkaguzi. Alifariki Februari 18, kwa figo. Alificha mpaka miguu ikakataa kuingia kwenye viatu. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Gaëlle alipika mboga za lengalenga. Yeye alikula, mimi nilikaa naye.

Jumanne, 11 Machi

Mhandisi Sylvère, ambaye ndiye mkubwa wetu, ameniita ofisini. Alinivutia kiti mwenyewe. Tangu msiba kila mtu ananivutia kiti, na mimi nakaa.

Habari yenyewe ni kisima cha Gatumba. Tunakichimba kwa ajili ya familia zilizohamishwa na mafuriko, ambazo mpaka leo zinachota mto Rusizi, maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Kipanuzi na kitulizi vimekwama huko chini, mita hamsini na nane, ndani ya udongo wa mfinyanzi. Vimekwama tangu siku ya msiba. Walikuwa wakinificha.

Siku ile Bonfils alipokufa, simu ilifika Gatumba saa tano asubuhi. Mkuu wa mashine ni Mirindi, Mkongo wa Uvira, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo. Alipopata habari alizima mashine pale pale, vyuma vikiwa ndani. Akavua kofia, akawaambia wenzake kwamba hapa Burundi mtu akiwa hajazikwa hakuna anayegusa udongo kwa jembe. Siku tatu mashine haikuzunguka. Kikosi kizima kilikuja kuzika. Nawakumbuka makaburini, wamejipanga na mabuti yao ya tope. Waliporudi, udongo ulikuwa umevimba na kuvibana vyuma.

"Ile desturi ni ya shamba," Sylvère aliniambia. "Ya jembe. Nani amemwambia inahusu machine? Na kama alitaka kusimama, angetoa vyuma kwanza. Hata apprenti, mwanafunzi wa kazi, anajua."

Mirindi amekwishaambiwa akae nyumbani. Vyuma vikitoka, ripoti itaandikwa, na kosa likiwa lake ataachishwa.

Nilisema sawa. Nikarudi stoo nikapanga boliti kwa ukubwa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Boliti zote zimepangwa.

Jumapili, 16 Machi

Mirindi amekuja kwangu Gasenyi baada ya misa, kwa miguu kutoka barabara kubwa, suruali imekunjwa mpaka magotini. Mkewe Elsa, anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, pale Gatumba, alimpa mfuko uliojaa aniletee. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama Gaëlle, mi sikukuja kuomba kitu," alisema. "Nimekuja tu kukuona."

"Karibu, Papa Mirindi."

"Watu wanasema nilikosea. Pengine. Lakini Bonfils alikuwa ndugu. Ningezungusha machine namna gani, na yeye iko analala ku morgue, hajazikwa? Apana. Kama ingerudi ile siku, ningezima tena."

Nilimwambia asante. Ni neno nililomwambia kila mtu mwezi huu, na lilitoka na sura ile ile. Alipoondoka Gaëlle alinitazama akasema, "Mama, yule mutu analia na we unaangalia saa."

Kweli nilikuwa naangalia saa.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi mpya ameanza. Anaitwa Népomuscène, mtu mzima, ana miwani iliyofungwa kwa waya. Amechagua koti la kazi la Bonfils kwa kuwa lilikuwa linaning'inia pale. Sikumzuia.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kubwa. Nimeshindwa kuandika tangu juzi kwa sababu kuna jambo moja ambalo nikiandika lolote bila hilo, naandika uongo. Basi hili hapa.

Ijumaa, Februari 14, Bonfils alimaliza kipanuzi cha Gatumba. Alikuwa amesimama kwa shida, ameegemea meza, na mkono wake wa kuchomelea ulikuwa unatetemeka. Sikuwahi kuuona ukitetemeka. Nilikivisha kalibre. Ubawa wa kwanza uligusa, wa pili uligusa. Kwenye wa tatu njiti ilipenya. Nikaongeza njiti ya pili juu yake. Nayo ikapenya.

Kukirudisha maana yake ni saa mbili nyingine mbele ya moto. Nilimtazama miguuni, alikuwa amekanyaga visigino vya viatu kama ndara.

"Imepita?" aliniuliza.

"Imepita."

"Kweli? Pima tena, Ernestine. Leo mukono yangu siiamini."

Nilizunguka kipanuzi kana kwamba napima tena. Nikasema imepita, nenda ukalale. Nikaandika kwenye daftari la vipimo: Februari 14, kipanuzi cha Gatumba, kimepita. Nikatia saini. Aliketi nje kwenye tairi akingoja nifunge stoo, tukarudi pamoja. Jumanne alikufa.

Ubawa mfupi unachimba tundu jembamba. Kwenye mchanga halina neno, mchanga unaachia. Kwenye mfinyanzi, kitulizi, ambacho ni kipana sawasawa, kinafuata njia iliyokatwa nyembamba, na kuta zikivimba kidogo tu kinashikwa. Mirindi alikisimamisha siku tatu, hilo ni kweli. Lakini tundu alimokisimamisha nilikuwa nimekwisha kulibana mimi.

Hakuna ajuaye ila mimi. Nimeandika na bado sisikii kitu. Nilidhani nikiandika nitasikia.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepima vyuma viwili. Vimepita. Vimepita kweli.

Jumanne, 25 Machi

Wamemwaga mafuta ya dizeli ndani ya kisima ili udongo ulainike. Wanavuta kwa jaki. Hakuna kilichosogea.

Jumatano, 2 Aprili

Rusizi imepanda. Sylvère anasema ikifika kwenye kingo za barabara ya mpakani itabidi mashine iondolewe na kisima kifukiwe pamoja na vyuma vyake. Aliposema hivyo kitu kifuani mwangu kilitulia, na nimekikamata kikitulia. Nilitamani mto upande. Kuna watu wanalala kule, kuna watoto wanakunywa yale maji, na mimi nilitamani mto upande.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Baba mkubwa Gélase, mlezi wa ukoo wa Bonfils, amekuja kupanga siku ya kumaliza kilio, kuganduka. Zamani watu walingoja mwaka. Yeye anataka Mei 10, kwa sababu mwezi wa sita ana shughuli za harusi ya mwanawe, na kwake harusi na kilio haviwekwi chungu kimoja. Sikubisha. Huyu mzee habishiwi. Unaweza kumwambia kuna mvua akakujibu ndivyo alivyopanga.

Kila alipoingia mgeni, alirudia hadithi ya mashine iliyozimwa. "Mgeni, mtu wa Congo, amemheshimu mtoto wetu kuliko majirani. Chuma kizima kilisimama siku tatu." Anaisimulia kwa fahari. Hajui kwamba aliyezima yuko nyumbani anangoja barua.

Jumatatu, 14 Aprili

Sylvère ameomba daftari la vipimo aandae ripoti. Nilimpa. Alifungua ukurasa wa Februari 14, akaweka kidole kwenye mstari wangu, akatikisa kichwa.

"Bonfils huyu," alisema. "Mutu mugonjwa vile, na kazi iko parfait, haina kosa."

Nilitazama kidole chake. Kina pete ya ndoa na wino.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani. Kwaya iliimba, nami niliimba. Irène alinibana mkono wakati wa kubusu msalaba, akaniangalia usoni kutafuta chozi. Nilimhurumia.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua imepungua. Mto umekaa pale pale ulipokuwa.

Nilishuka sokoni, nikamwona Elsa, mke wa Mirindi, na beseni lake la ndagala. Alinipimia kikombe akaongeza cha juu, akakataa nilipe cha juu. Nilimuuliza mzee hajambo. Alisema hajambo, anashinda anatengeneza kiti kimoja kile kile, akimaliza anakivunja.

Jumanne, 29 Aprili

Vimetoka.

Saa nane mchana jaki ilipiga kelele, kikosi kizima kikakimbia nyuma, na vyuma vikapanda sentimita kumi, halafu nusu mita, halafu vyote. Havikuvunjika. Vimeletwa stoo saa kumi na moja vikiwa na udongo wa bluu umegandamana kwenye mbawa. Sylvère alisema nivioshe, nipime, niandike.

Niliviosha peke yangu kwa pampu. Udongo wa mfinyanzi hautoki kwa maji tu, unautoa kwa vidole. Chini yake ilitokea michomeleo ya Bonfils. Anayejua mkono wake hahitaji jina: mistari mifupi, imelaliana kama magamba ya samaki. Kwenye ubawa wa tatu mistari ilipinda.

Nilikivisha kalibre. Njiti tatu zilipenya.

Sylvère aliingia wakati njiti zikiwa bado pale. "Bon, imelika," alisema. "Wiki kumi kuvutwa mu udongo, ingekosa kulika?" Hakuuliza. Alijibu mwenyewe akaondoka.

Kwa hiyo hakuna atakayejua milele. Ya tatu ni ya udongo. Mbili ni zangu.

Jumamosi, 3 Mei

Ripoti iko tayari. Chanzo cha kukwama: mkuu wa mashine kusimamisha kazi vyuma vikiwa ndani. Chini kuna mahali pa saini yangu, ya kuthibitisha kwamba vyuma vilipimwa na kupita kabla ya kutoka stoo. Nilisema nitatia saini Jumatatu.

Jumatatu, 5 Mei

Nilisema nitatia saini kesho.

Jumatano, 7 Mei

Sylvère amesema nisihangaike, nimalize kilio kwanza, nitie saini Jumatatu ijayo. Ni mtu mwema. Angekuwa mbaya ingenisaidia.

Nimejaribu kusema na Bonfils kichwani. Nilitaka kumwambia nilikuonea huruma. Lakini yeye aliniomba nipime tena. Alikuwa amesimama pale kwa miguu ile, akaniomba. Kwa miaka kumi na tatu nimemrudishia kazi akiwa na hasira, akiwa na njaa, hata mkesha wa ubatizo wa Gaëlle, na kila mara alirudi mezani akinitukana kwa mapenzi. Siku aliyonihitaji nipime ndiyo siku niliyomdanganya. Mtu anayeonewa huruma hivyo ameshazikwa, na mimi nilimzika siku nne kabla hajafa.

Jumamosi, 10 Mei

Kuganduka. Nimechelewa kuandika, Gaëlle amelala, na sitaki kulala kabla sijamaliza.

Jua lilitoka. Tulikodi turubai na viti. Baba mkubwa Gélase alisimama na fimbo yake, akashukuru, akaomba, akasimulia tena habari ya mashine. Halafu ikafika ile sehemu ambayo mimi nilikuwa nimeisahau, kana kwamba sijahudhuria kilio hata kimoja maishani. Aliuliza, kama inavyoulizwa kwetu kila kilio kinapofungwa: kuna mtu yeyote mwenye dai lake kwa marehemu? Aseme leo, mbele ya watu, ukoo ulichukue, ili asilale na mzigo.

Kwa kawaida hapo hakuna asimamaye mpaka kreti za bia ya Primus zifunguliwe.

Mirindi alisimama nyuma kabisa. Alikuwa amevaa koti ambalo mikono imemzidi. "Mi ni mugeni," alisema, "pengine sina ruhusa. Nataka kusema tu, Bonfils hana kitu yangu. Hata kidogo. Alinitengenezea kila chuma vizuri, na mi nilizima machine juu yake na sijutie. Aende na amani."

Alikaa. Baba mkubwa akaitikia, akainua fimbo ili afunge.

Nilijikuta nimesimama. Naandika hivyo kwa sababu sikuamua. Mjane haulizwi pale, mjane anakaa.

"Anacho," nilisema. "Marehemu anadaiwa na Papa Mirindi. Lakini deni ni langu, mimi nililifanya kwa jina lake."

Nikaeleza. Sikupamba. Kalibre, ubawa wa tatu, njiti mbili, saini. Nilisema aliniomba nipime tena nikajifanya napima. Nilisema kuna mtu amekaa nyumbani miezi miwili kwa kosa ambalo nusu yake ni yangu, na huyo mtu amesimama sasa hivi akasema vyuma vilikuwa vizuri. Sylvère alikuwa mstari wa pili na sahani mapajani. Irène aliziba mdomo. Mtu mmoja wa ukoo alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba hapa si mahali pa mambo ya kazi, na mwingine kwamba namvua marehemu nguo.

Baba mkubwa aliishusha fimbo yake. Nilidhani atanikalisha. Kisha akageuka kwa watu, akasema maneno yale yale ambayo angemwambia mtu anayedai mbuzi:

"Tumesikia. Ukoo umelichukua. Nani mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Wakafungua vinywaji.

Mirindi hakunifuata. Alipoondoka alipita mbele yangu akasimama. "We ungenyamaza tu, Mama Gaëlle," alisema. "Mi ningepata kazi ingine."

"Ungepata wapi?"

"Sijue," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona amenikasirikia. Hasira yake niliisikia. Iliniuma hapa chini ya mbavu. Kitu cha kwanza kuniuma tangu Februari.

Jumatatu, 12 Mei

Ripoti imechanwa. Mpya ina majina mawili, la Mirindi na langu. Mirindi anarudi na onyo, mimi nimepewa barua ya onyo na nusu mshahara wa miezi miwili. Kuanzia sasa hakuna chuma kinachotoka stoo bila mkuu wa mashine kutia saini kando ya yangu. Sylvère alinipa barua bila kunivutia kiti. Nilijivutia.

Alhamisi, 15 Mei

Ukavu. Mashine bado iko Gatumba. Tundu liko wazi, lakini ni lazima lipanuliwe upya kabla ya mabomba. Népomuscène ameanza kujenga mbawa. Mirindi amerudi; ananisalimu kwa adabu, hazidishi neno.

Jumanne, 20 Mei

Kipanuzi cha Gatumba kimeletwa kupimwa saa nne. Lori lilikuwa linangoja na injini inawaka. Mirindi alisimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma, na Népomuscène alikuwa ndani ya koti la Bonfils, anafuta miwani.

Nilikivisha kalibre. Ubawa wa kwanza uligusa. Wa pili uligusa. Kwenye wa tatu njiti iliingia kichwa tu, ikakwama, nikaisukuma kidogo ikapita. Njiti moja. Mirindi aliiona ikipita.

Népomuscène alikuwa amechoka, amefanya kazi tangu saa kumi na mbili. Aliniuliza:

"Imepita?"

"Haijapita," nilisema. "Rudi mezani. Ongeza huku."

Alipumua, akakibeba kipanuzi, akaondoka akinung'unika. Mirindi alimwashiria dereva azime injini. Mimi nililia palepale juu ya kalibre, kwa sauti, mbele yao wote, mpaka kipanuzi kiliporudi, na nikakipima.